Sekunde Ishirini za Kutulia

Kazi yangu ni kusogeza picha za watu waliokufa. Nikisema hivyo watu hucheka, halafu hunyamaza, lakini ndiyo kazi yenyewe. Familia ikifiwa hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, huniletea picha thelathini au arobaini za marehemu wao, nami huziunganisha kwa kompyuta ziwe video ya kuonyeshwa kanisani kabla mwili haujasafirishwa kwenda nyumbani. Kila picha huanza ikiwa mbali kidogo, kisha inakuja polepole kuelekea uso, au inateleza kutoka kushoto kwenda kulia, huku pambio likiimbwa chini yake. Nimepanga chumba kimoja juu ya duka la chakula cha kuku, na vumbi la pumba limeingia hadi kwenye kibodi.

Mbona nizisogeze? Kwa sababu mtaani kwetu picha isiyosogea ni picha iliyokwama. Hilo nilijifunza kwa aibu, mwaka wangu wa kwanza. Nilikuwa nimemweka mzee mmoja, fundi viatu, akiwa ametulia katikati ya ukuta kwa nusu dakika, nikidhani nimemfanyia heshima. Sekunde kumi hazikuisha.

"Imehang!" mtu alipaza sauti kutoka nyuma. "Wewe wa mashine, si uguze kitu!"

Mzee mmoja wa kanisa akainuka akaenda kuigonga projekta kwa kiganja, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Binti wa marehemu akanitupia jicho ambalo mpaka leo nalikumbuka. Tangu siku hiyo sikuacha picha itulie. Hata mtoto mchanga aliyepigwa picha moja tu maishani mwake, nilimsogeza.

Kanuni hiyo sikuifuata peke yangu, niliifundisha. Laptopu ya kanisa letu inaendeshwa na mama mmoja wa kwaya, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu. Nilimwonyesha pa kuchomeka flashi na pa kuongeza sauti, nikamwambia, "Mwalimu, video zangu hazitulii hata kidogo. Ukiona picha imetulia, hesabu hadi tano. Ikiwa bado, jua imekwama. Bonyeza mshale wa mbele mara mbili, itaruka iendelee." Akaandika yote kwenye daftari, akapigia mstari neno "tano", kisha akanisomea tena kuhakikisha. Nilimsifu. Nilisema laiti makanisa yote yangekuwa na mtu kama yeye.

Sasa, kazi hii ina ugonjwa wake ambao wateja wengi hawaujui jina. Picha ikisogezwa polepole sana, hutetemeka. Skrini imeundwa kwa vidoa vidogo vidogo visivyohesabika, na programu yangu, ambayo ni ya zamani na sikuipata kwa njia ya kujivunia, haijui kusogeza kitu kwa nusu ya kidoa. Hungoja, kisha inaruka kidoa kizima. Hungoja tena, inaruka tena. Picha ikienda kasi jicho halioni. Lakini ile inayotambaa, ukingo wa kola hurukaruka, nyusi huchezacheza, na marehemu huonekana kama mtu aliyepigwa na baridi ya Julai. Wateja wakiniuliza, nilikuwa nasema ni projekta. Miaka yote niliisingizia projekta ya watu, na usiku nililala vizuri. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema, na walikuwa wakinisema mimi.

Halafu mama yangu akaanza kutetemeka.

Mama alifanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha nyuzi kule Baba Dogo. Kazi yake ilikuwa kuunga uzi uliokatika huku mashine ikiendelea kuzunguka. Ukikosea, uzi unakukata kidole, na msimamizi anakukata maneno. Yeye hakukosea. Nikiwa mdogo aliwahi kunionyesha kwa uzi wa nguo kuukuu: vidole viwili, mzunguko mmoja, na fundo dogo hata ukipitisha ulimi hulihisi. Alijivunia mikono yake jinsi wengine wanavyojivunia nyumba walizojenga.

Ugonjwa ulianza na kidole gumba cha kulia. Kikafuata kiganja, kisha mkono, na baada ya miaka michache kidevu nacho. Daktari alisema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, kwamba dawa zitaupunguza mwendo lakini hazitaufukuza. Mama aliuliza swali moja tu: kama unaonekana na watu au yeye ndiye anayeuhisi zaidi. Daktari akaangalia mezani. Unaonekana, akasema.

Na ulionekana. Mama alikuwa katika kundi la wanawake wanaopika chai baada ya ibada, na Jumapili moja alimmwagia mgeni kikombe kizima mapajani. Alimpangusa kwa leso yake mwenyewe, huku mkono ukizidi kutetemeka kwa aibu. Wiki iliyofuata nilisikia kwa masikio yangu, nikiwa nimesimama nyuma ya pazia la jikoni la kanisa: "Huyu mama siku hizi anaonja kitu. Angalia tu mikono." Mama yangu, ambaye hata maziwa yaliyochachuka alikuwa hanywi! Nilitaka kutoka nipigane. Sikutoka. Niliondoka kwa mlango wa nyuma, na mama naye akaacha kwenda. Jumapili alikaa kwenye ngazi ya nyumba, mikono ameikalia, akisikiliza nyimbo kwa mbali.

Ningependa niishie hapo, niwalaumu wale wanawake. Lakini na mimi nina langu.

Ilikuwa Krismasi, ndugu wamejaa nyumbani kwake, nami nilikuja na kamera nzuri ya kazi. Nilitaka picha moja ya mama iliyo safi, kwa maana zote za miaka ile zilikuwa zimefifia; kila ulipobonyeza, uso ulikuwa umeshahama. Nikamkalisha penye mwanga karibu na mlango.

"Tulia, mama."

Nikapiga. Ukungu.

"Tulia kidogo tu."

Ukungu tena. Watoto walikuwa wakisukumana, chapati zinapoa, na mimi nilikuwa nimechoka na kupiga picha za harusi, kazi yangu ya pembeni, mwezi mzima.

"Mama, si utulie!"

Nilisema kwa ile sauti ninayowatolea wasimamizi wa maharusi. Watoto wakaacha kusukumana. Mama akaingiza mikono chini ya mapaja, akabana meno, akanitazama kwenye kamera kwa nguvu zake zote. Kidevu kikaendelea. Nilipiga picha tano pale, nikaziangalia mbele yake, nikazifuta moja moja. Alikuwa ananiona nikizifuta.

Wageni walipoondoka akaniita. Aliniita "mama", kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

"Mama, siku yangu ikifika, utanitengenezea zile video zako za kusogea?"

"Usiongee hivyo."

"Utanitengenezea, najua. Sasa nisikize. Wale watu wa kanisa wasinione nikitetemeka. Wameniona ya kutosha."

"Hawatakuona," nikamwambia. Nilikuwa na kipande cha chapati mkononi. Ahadi kubwa kama ile niliitoa nikitafuna.

Alifariki Jumapili asubuhi kabla ya uji. Ibada ikapangwa iwe Alhamisi saa nane mchana, kanisani kwetu, na baada ya hapo msafara uondoke kwenda kwetu magharibi mwa nchi, mazishi yawe Jumamosi. Wazee wa kamati, waliokaa kwenye viti vya plastiki nje ya mlango wa mama, waliniambia nitafute mtu mwingine wa video, maana mfiwa hafanyi kazi. Mfiwa hukaa, huletewa chai, hulia. Nilikataa. Nilisema hii moja ni yangu, wakaona ni uchungu tu, wakaniacha.

Picha za mama za zamani hazikuwa nyingi. Kwenye nyingi yuko nyuma ya harusi za watu wengine, ameshikilia sufuria au mtoto asiye wake, mdogo kiasi kwamba hakuna wa kumtambua. Iliyokuwa ya mama peke yake, ya karibu na iliyo safi, ilikuwa moja. Alipigwa studio ya karibu na kiwanda, wiki aliyopokea mshahara wa kwanza. Amesimama mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, mkono mmoja juu ya stuli yenye maua ya plastiki. Amevaa sweta aliyoifuma mwenyewe kwa nyuzi za mabaki, mistari myembamba sana ya kijani na nyeupe kuanzia shingo hadi kiunoni. Hacheki. Anamtazama mpiga picha kama anayemngoja amalize arudi kazini. Na mkono ule juu ya maua umetulia, unaona hata kucha.

Hiyo ndiyo niliyotaka ikae sekunde ishirini, katikati ya video, pambio likiwa limepanda.

Jumatatu nilikwenda nayo kwa jirani mwenye saiba, kile kiduka cha kompyuta na intaneti, nikamwambia aiskani kwa ukubwa wa mwisho kabisa mashine yake inaouweza. Nilidhani ukubwa ni upendo. Nikaiingiza kwenye programu, nikaweka alama ya mwanzo mahali mama anaonekana mzima, na alama ya mwisho mahali uso unajaa skrini nusu. Mwendo wa kutambaa, wa heshima. Nikabonyeza.

Mama akatetemeka.

Ile mistari ya sweta ilikuwa inawaka na kuzimika kama mchwa wanaotembea. Kidevu kiliruka kidogo, kikatulia, kikaruka. Na mkono, ule mkono juu ya maua, ulikuwa unafanya kile kile ulichofanya miaka tisa juu ya meza yetu, kwa mwendo ule ule. Niliangalia mara moja nikafunga laptopu kwa kishindo. Chini, mtu alikuwa anauliza bei ya chakula cha vifaranga. Nilikaa pale mikono kichwani, na wazo lililonijia ni kwamba mama yangu amekufa na bado hajaachiliwa.

Nilijipa moyo kwamba labda ni laptopu inayoshindwa kucheza vizuri. Hutokea, unaona mkwaruzo kwenye kazi, lakini ukishaitoa ikawa video kamili haupo. Jumanne nikaitoa, nikaipeleka kwenye televisheni ya nyumbani kwa mama, wanawake wakiwa nje wanamenya viazi. Nikafunga mlango. Alitetemeka vilevile, ila mkubwa zaidi. Nilikaa kwenye kiti chake, kile chenye mto uliobonyea, nikamtazama mara nne. Shangazi akabisha kuuliza kama nataka chai. Nilimjibu vibaya, na hakustahili.

Nikampigia mwenzangu wa kazi anayeishi mtaa wa Fedha. Huyu ni fundi kweli, yule ambaye sisi wengine tukikwama tunamlilia. Nilimweleza picha lakini sikumweleza ni ya nani.

"Kwanza picha yako ni kubwa kupita kiasi," akasema. "Ukiipa programu vidoa vingi hivyo, inachagua inavyotaka, mara hiki, mara kile. Ipunguze kabla hujaiingiza, iwe mara mbili ya skrini, basi."

Nikapunguza. Mchwa wa kwenye sweta wakapungua. Kidevu, wapi.

"Usisogeze na kuvuta kwa pamoja. Chagua moja."

Nikaacha kusogeza, nikabaki na kuvuta tu. Afadhali kidogo. Mkono bado.

"Basi ongeza kasi. Polepole ndiyo inayokuua."

Nikaongeza, na mama akawa anakuja mbio kutoka kwenye maporomoko yake, uso umekaza, kana kwamba amesikia nimevunja sahani. Nilicheka. Ndiyo mara pekee niliyocheka wiki ile, na kicheko kiligeuka kabla hakijaisha.

"Imebaki moja," mwenzangu akasema. "Itie ukungu. Kidogo sana, mtu asijue. Kinachotetemeka ni vile vitu vyembamba: mistari, nywele, kope. Ukivilainisha havina cha kuruka."

Nikatia ukungu. Nikaongeza, nikaongeza tena. Kutetemeka kukaanza kufa. Mistari ya sweta ikayeyuka ikawa kitambaa kimoja cha rangi ya maji ya mboga. Kucha zikaondoka. Kope zikaondoka. Kisha, kabla mkono haujatulia kabisa, macho yakaondoka, yale macho ya kutaka kurudi kazini, na mbele yangu akabaki mwanamke yeyote wa zamani mbele ya pazia. Ili atulie ilinibidi nimfute. Na mimi nilikuwa nimeshamfuta mara tano, siku ya Krismasi, akiniangalia.

Nikarudisha ukungu sifuri.

Jumatano nikachukua flashi nikaenda Fedha kwa miguu yangu. Nilipoingia, mwenzangu aliitazama picha, akanitazama mimi, akaelewa. Akaniambia pole. Mashine yake ni mpya na programu yake inajua kusogeza kwa sehemu za kidoa. Alikaa nayo tangu asubuhi hadi adhana ya alasiri iliposikika dirishani, akatia ukungu chembe tu, akaisogeza, akaipunguza, akaitoa. Kisha akaniachia kiti.

Mama alikuja polepole. Sweta ilitulia. Kidevu kilitulia. Mkono ulitulia. Na karibu na mwisho, uso ukishakuwa mkubwa, bega la kushoto likaruka mara moja.

"Hapo," nikasema.

"Hapo wapi?"

"Bega."

Akarudisha. Tukaangalia mara sita. Mara mbili za mwisho hata mimi sikuwa na hakika.

"Dada," akasema taratibu, "hii imeisha. Hakuna mtu Nairobi hii ataona hiyo bega. Hiyo iko kwa macho yako."

Alikuwa na haki. Ingekuwa ya mteja ningeichukua nikamshukuru na kumnunulia chakula. Ingekuwa ya mteja nisingefika hata Fedha, ningesingizia projekta. Lakini nilikuwa nimeahidi, na niliahidi nikitafuna, na sikutaka kumdanganya hata kwa bega moja. Nikaichukua flashi, ila moyoni nilikuwa nimekataa. Kinyozi hajinyoi. Ningemsikiliza, haya mengine yasingekuwapo.

Alhamisi asubuhi nilipanda chumbani kwangu mapema. Nilifungua ile kazi, picha ya mama ikiwa safi, bila ukungu, kwa ukubwa wa wastani. Alama mbili, ya mwanzo na ya mwisho, zilikuwa pale chini yake. Nikaifuta ya mwisho. Nikaifuta ya mwanzo. Nikabonyeza.

Mama akatulia.

Alitulia sekunde ishirini zote. Mistari ya sweta ungeweza kuihesabu. Kucha zilikuwepo. Macho yalikuwepo, yakinisubiri nimalize. Miaka tisa sikuwa nimemwona mama yangu akiwa ametulia, kwa maana hata usingizini kidevu kilikuwa kinatafuta kitu, na mochari, walipotufunulia ile Jumatatu, nilikuwa nimefumba macho. Nililia pale juu ya duka la kuku kwa sauti kubwa, sikujali nani anasikia. Ilikuwa furaha, sina neno jingine la kuiita. Nilimwambia, umeona, mama, nimeweza.

Kanuni yangu sikuwa nimeisahau. Niliikumbuka, nikaona haimhusu. Nilijiambia watu wataelewa, huyu ni mama yao pia, wameishi naye. Na Mwalimu nitamweleza: Mwalimu, iko moja inatulia, iache. Maneno matano, ya kusemwa mlangoni.

Lakini gari la maiti lilifika kabla ya saa. Nilipoingia uwanjani wanaume walikuwa tayari wanafungua mlango wa nyuma, na wanawake wameanza wimbo. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni akinisubiri. Nikamwekea flashi mkononi na kufungua kinywa, naye akanikumbatia, akaanza kulia begani kwangu, na mimi nikalia. Tulipoachana shangazi wawili walikuwa wameshanishika, mmoja kila upande, wananipeleka mbele. Kiti cha mfiwa kiko mstari wa kwanza, mbele ya jeneza, na mfiwa hainuki. Nilijaribu. Niligeuka nikamwona Mwalimu kule nyuma amevuta meza ya laptopu, miwani puani, daftari lake limefunguliwa kando. Nikanyanyuka nusu.

"Kaa, mwanangu," shangazi akanivuta. "Kila kitu kiko sawa. Kaa."

Nikakaa. Nikajiambia nitamtumia mtu wakati wa mahubiri. Mchungaji alisimama, akatusalimu, akasema kabla hajafungua neno tutazame kwanza maisha ya mama yetu. Mapazia yakavutwa.

Picha za mwanzo zilikwenda vizuri. Mama mdogo mdogo nyuma ya harusi, akiteleza. Mama na sufuria, akiteleza. Watu walikuwa wanaguna kwa upendo, wengine wanataja waliomo. Pambio likapanda pale nilipotaka lipande, na mama akatokea na sweta yake.

Nilimwona kwenye ukuta mweupe, mkubwa kuliko alivyowahi kuwa, mkono juu ya maua, haupepesuki hata kidogo. Wale wanawake wa chai walikuwa mstari wa tatu. Nilitaka waangalie ule mkono. Nilitaka wauangalie hadi waone haya. Nilihesabu bila kutaka.

Moja. Mbili.

"Imehang?" mtu akanong'ona.

Tatu.

"Kwani stima imepotea?"

"Hapana, taa ya mashine iko."

Nne. Nikageuka. Kati ya vichwa vya watu niliona mwanga wa laptopu kwenye miwani ya Mwalimu, na midomo yake ikienda polepole.

Tano.

Pambio likakatika katikati ya neno, likadakia mbele. Ukutani ikawa harusi ya binamu yetu, watu kama ishirini wamepangwa kwenye ngazi, wote wanateleza laini kutoka kushoto kwenda kulia, na mama yuko huko juu nyuma ya bega la mtu, nusu uso.

"Aah, imerudi," watu wakasema, wakajiegemeza kwenye viti vyao.

Sikuinuka. Wengi niliowasimulia baadaye wameniuliza, hasa mwenzangu wa Fedha, mbona sikuinuka nikasema irudishwe nyuma. Sijui. Nilikuwa mbele ya jeneza, nimeshikwa mikono yote miwili, na mchungaji alikuwa ameinamisha kichwa. Ningesema nini? Kwamba mama hajakwama, ametulia tu? Video ikaisha, mapazia yakafunguliwa, mahubiri yakaanza. Nyumbani magharibi hapakuwa na projekta wala ukuta; hiyo ilikuwa mara yake ya pekee. Zile sekunde kumi na tano zilizobaki hakuna aliyewahi kuziona isipokuwa mimi.

Tulipotoka nje, wanaume wakawa wanaliingiza jeneza garini na wengine wanagombania viti vya basi. Mwalimu akanitafuta kati ya watu hadi akanipata. Macho yalikuwa mekundu. Alinishika mikono yote miwili.

"Pole sana, mwanangu. Video ilikuwa nzuri, tumemwona mama vizuri," akasema. Kisha akainama karibu na sikio langu, asiniaibishe mbele ya watu. "Kuna picha moja ilikwama pale katikati. Lakini usijali, hakuna aliyejua. Nilifanya vile ulinifundisha. Nilihesabu hadi tano."

Nikamwambia asante, Mwalimu.